Zana Ndogo za Kompyuta na Majina Yake: Historia Fupi kwa Wafasiri

Miongoni mwa kazi zinazoletwa katika sehemu ya istilahi, zipo ambazo afisa huzipitisha kwa nusu saa kisha akazijutia kwa miaka. Mwandishi wa makala haya anayo moja ya namna hiyo. Ofisi moja ilituletea mwongozo wa kurasa chache, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya makarani wake waliokuwa wakifundishwa kuitumia kompyuta kwa kuandika amri badala ya kubofya picha. Mfasiri alikuwa mtu makini. Kila neno la Kiingereza alilolikuta alilitafutia Kiswahili chake: palipokuwa na "sort" akaandika "panga", palipokuwa na "cut" akaandika "kata". Lugha ilikuwa safi, nasi tukaupiga mhuri. Juma la pili simu ikalia. Makarani walikuwa wameandika "panga" kama walivyoelekezwa, na mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.

Lawama haikuwa ya mfasiri peke yake. Sisi tulioukagua mwongozo ule tulikuwa na sehemu kubwa zaidi. Tulilitazama kila neno kama istilahi, na hatukujiuliza kama huenda baadhi yake ni majina. Tofauti hiyo haionekani kwa kulikodolea macho neno lenyewe. Huonekana kwa kujua lilikotoka, na ndiyo sababu inafaa tuieleze historia ya zana hizi kwa kirefu kidogo kabla ya kupendekeza lolote.

Kwa zana ndogo tunakusudia zile programu fupi zinazofanya kazi moja moja: moja hutafuta neno katika mafaili, nyingine hupanga mistari kwa abjadi, nyingine hulinganisha nyaraka mbili na kuonyesha zilipotofautiana, nyingine huhesabu. Mtu aandikaye barua hazihitaji. Huzitumia zaidi wale waandikao programu, pamoja na watumiaji mahiri waliokwisha kuzizoea mashine zao. Lakini tutaona kwamba zilipozaliwa wateja wake wa kwanza walikuwa wapiga chapa.

Mwaka 1969 maabara ya Bell, iliyokuwa Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, ilijitoa katika mradi mkubwa ulioitwa Multics, ambao ilikuwa ikiuendesha pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Multics ilikusudiwa kuwa mfumo mmoja mpana wa kuwahudumia watu wengi kwa pamoja. Baada ya kujitoa, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wachache walibaki bila mfumo uliowaridhisha. Thompson akaichukua mashine ndogo ya aina ya PDP-7, iliyokuwa haina kazi nyingi, akaanza kuunda mfumo wake. Jina lake, Unix, ni la utani: katika Kilatini "multi" ni wingi na "uni" ni umoja, kwa hiyo ndugu mdogo alipewa jina la kumkejeli mkubwa.

Ili wapate mashine iliyo bora zaidi, hapana budi wawape wakubwa wao sababu. Sababu waliyoitoa haikuwa ya kihandisi. Waliahidi kutengeneza mfumo wa kutayarisha maandishi, na idara ya hataza ya maabara hiyo, yaani idara iliyoshughulikia haki za wavumbuzi, ikawa mteja wao wa kwanza. Katika nusu ya pili ya mwaka 1971 wapiga chapa watatu wa idara hiyo walikuwa wakishinda kwenye mfumo wa Unix wakiandika, wakisahihisha na kupanga maombi ya hataza. PDP-11 waliyoitumia ilikuwa na kumbukumbu ya baiti elfu 24 na diski ya baiti elfu 512 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi aghalabu isingeenea humo.

Hapa inafaa msomaji atue kidogo. Zana ambazo leo huhesabiwa kuwa mali ya mafundi wa kompyuta zilipata mashine yake ya kwanza ya maana kwa kisingizio cha maandishi, na zikapimwa mikononi mwa watu waliokuwa wakifanya kazi isiyotofautiana sana na ya mfasiri au karani wa masjala. Ndiyo maana nyingi kati yake hushughulika na mstari wa maandishi, wala si hesabu.

Tuje kwenye majina. Watu wa Murray Hill waliwasiliana na mashine yao kwa chombo cha Teletype cha aina ya 33, ambacho vibonye vyake vilikuwa vizito na ambacho kilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Aliyetaka kunakili faili hakuwa na hamu ya kuandika neno zima la Kiingereza lenye maana ya nakili, aliandika "cp". Kuhamisha kukawa "mv", kufuta kukawa "rm", kuorodhesha kukawa "ls". Zana ya kuunganisha mafaili mfululizo iliitwa "cat", jambo ambalo limewachekesha wanafunzi wengi, kwa kuwa neno hilo katika Kiingereza ni paka, ilhali hapa ni kipande kilichokatwa katika neno refu la asili ya Kilatini lenye maana ya kuunganisha kama pingili za mnyororo. Mfasiri mmoja akiandika "paka" na mwingine akiandika "unganisha", wote wawili wamepotea, ingawa wa kwanza amepotea mbali zaidi. Uchu huu wa kufupisha ulifika mahali pa kuchekesha. Ipo amri ya ndani ya mfumo inayoitwa "creat", neno la Kiingereza la kuumba lililonyang'anywa herufi yake ya mwisho. Thompson alipoulizwa miaka mingi baadaye ni jambo gani angelibadilisha kama angeanza upya, alijibu kwamba angeiongeza ile e.

Jina ambalo asili yake ni ya kustaajabisha kuliko yote ni "grep". Katika mfumo ule palikuwa na programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa "ed". Aliyetaka kuiona kila mistari yenye neno fulani aliandika ndani yake herufi g, kuamuru kazi ifanyike katika faili lote. Kisha kati ya mistari miwili ya mshazari akaweka ruwaza ya maneno anayoyatafuta, ambayo Kiingereza huifupisha kwa herufi re. Kisha p, kuamuru mistari ichapwe. Ukiyasoma yote kwa mkupuo unapata "grep". Wenzake Thompson husimulia kwamba Lee McMahon alikuwa akizichunguza zile insha 85 za mwaka 1787 na 1788 zilizoandikwa kuitetea katiba mpya ya Marekani, kwa nia ya kubainisha nani aliandika ipi, na maandishi hayo yalikuwa makubwa mno hata "ed" haikuweza kuyabeba. Thompson akaitoa ile sehemu ya kutafuta, akaifanya programu ya peke yake. Imo katika mwongozo wa Unix wa Novemba 1973. Basi hata zana hii, ambayo mwandishi wa programu leo huitumia mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, ilihusishwa tangu mwanzo na swali la uhakiki wa maandishi.

Neno la namna hiyo halina tafsiri, kama vile jina la Mto Ruvu lisivyo na tafsiri. Ni alama iliyokubaliwa kati ya mtu na mashine. Hata Waingereza wenyewe hawalielewi kwa kulitazama. Hujifunza kama mgeni ajifunzavyo jina la mtaa.

Hata hivyo majina si historia yote, na yapo mambo katika zana hizi ambayo Kiswahili hakina udhuru wa kuyaacha katika lugha ya kigeni. Kubwa ni lile la bomba. Tarehe 11 Oktoba 1964, kabla Unix haijazaliwa, Doug McIlroy wa maabara hiyo hiyo aliandika waraka mfupi akisema kwamba programu zingepaswa kuungana kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani: ukitaka kuyafanyia maandishi jambo jingine, unafunga kipande kingine mbele. Wazo hilo alilishikilia kwa miaka kadhaa akiwasumbua wenzake, hadi Thompson alipokubali na kulitia katika mfumo kwa usiku mmoja. Mwongozo wa Februari 1973 tayari una habari zake. McIlroy amesimulia kwamba siku iliyofuata watu walikuwa wakishindana kuunganisha zana. Lakini kwanza ilibidi zana nyingi zirekebishwe, kwa sababu zilikuwa zimezoea kupewa jina la faili, na sasa zilitakiwa zipokee chochote kilichotiririka kutoka kwa jirani na kukipitisha mbele. Alama iliyochaguliwa kuwa kiungo baadaye ni kijiti kilichosimama wima, na imebaki hivyo hadi leo.

Nimekuta tafsiri tatu za kiungo hiki katika kazi zilizopita mezani kwetu: "mrija", "neli" na "bomba". Mrija humkumbusha msomaji soda, na neli ni neno la maabara ya shule. Anayetaka kuwa mwaminifu kwa McIlroy angesema "mpira", lakini programu zilizounganishwa kwa mpira zitamfanya karani afikirie uwanja wa michezo. Kwa maoni yangu bomba ndilo lenye haki. Ni neno lililozoeleka kwa kitu kirefu kinachopitisha mali kutoka mahali hadi mahali bila kumwagika njiani. Bomba la mafuta la TAZAMA limekuwa likiitwa hivyo tangu lilipoanza kazi mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola. Naam, bomba ni pia lile linalotoa maji uani, lakini hilo halimchanganyi mtu. Kinachotiririka ndani ya bomba hilo tukiite "mkondo", na hapo sioni mgogoro.

Mgogoro upo katika neno "chujio". Waingereza huita kila zana iwekwayo katikati ya bomba kwa neno lao la chujio, na wafasiri wetu wamefuata. Lakini Mswahili hasemi ovyo kuhusu mambo ya jikoni. Kuna kuchuja, kuna kuchekecha, kuna kupepeta, kuna kupembua, na kila kitendo kina chombo chake na masalio yake. "Grep" huchuja kweli kweli: huzuia mistari isiyotakiwa na kuipitisha inayotakiwa. Zana ya kupanga kwa abjadi haizuii chochote. Idadi ya mistari iliyoingia ndiyo itokayo, ila kwa mpangilio mwingine. Kuiita chujio ni kurithi uzembe wa lugha nyingine ilhali yetu ina maneno ya kutosha. Pendekezo langu ni kwamba "chujio" libaki kwa zile zinazozuia, na nyingine zote ziitwe "zana za mkondo".

Na kwa nini "zana"? Mwaka 1976 Brian Kernighan na P. J. Plauger walichapisha kitabu walichokiita kwa Kiingereza Software Tools, wakieleza kwamba mwandishi wa programu afanye kama fundi: asitengeneze kila mara chombo cha kazi moja kisha akakitupa, bali ajiwekee sanduku la zana zinazofaa kazi nyingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, McIlroy na wenzake wawili walitoa dibaji katika jarida la kiufundi la kampuni ya Bell wakitaka kila programu ifanye jambo moja vizuri, na itoe matokeo yanayoweza kupokewa na programu nyingine ambayo bado haijajulikana. Ni mawazo ya fundi seremala, na zana ni neno lake. Tunalo tayari katika zana za kilimo na zana za kufundishia. "Kifaa" kimekwisha kuchukuliwa na vitu vya kushikika, na "kizana" linaidharau kazi yenyewe. Ama "huduma", ambalo limeingia katika miongozo kadhaa, asili yake ni kosa: neno moja la Kiingereza hutumika kwa programu hizi na pia kwa maji na umeme, na mfasiri aliyekuwa na haraka aliifungua kamusi kwenye mstari wa bili.

Zana za aina hii hazikubaki katika Unix. Mwaka 1982 Peter Norton alianza kuuza mkusanyo wake kwa watumiaji wa kompyuta ndogo za IBM, maarufu zaidi kwa kufufua mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao uliziandika upya zana za Unix ili ziwe huru kwa kila mtu, na tangu Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 zimeenea duniani kote pamoja nayo. Mwaka 1996 Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianza kutoa zana za kuchungulia yanayotendeka ndani ya Windows. Kampuni ya Microsoft iliwanunua mwaka 2006.

Kwa mfasiri, tukio lenye uzito kuliko hayo ni la mwaka 1995, mradi wa GNU ulipotoa "gettext". Zana hiyo hutenganisha maneno ambayo programu humwambia mtu na maneno ambayo mtu huiambia programu. Ya kwanza huwekwa katika faili la peke yake, ambalo mfasiri hulifasiri bila kuigusa programu. Ya pili hubaki yalivyo. Huo ndio mpaka tuliokosa kuuona katika mwongozo wa ile ofisi, na ulikuwa umekwisha kuchorwa siku nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wafasiri wake walifanya kazi kubwa upande huo wa kwanza, na maneno mengi tunayoyaona leo kwenye viwambo yalipata majaribio yake humo.

Nimeacha kwa makusudi kisa cha mwaka 1986, kwa sababu kinatugusa sisi wa istilahi kuliko mafundi. Jon Bentley, aliyekuwa na safu katika jarida la chama cha ACM, alimwomba Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aandike programu itakayosoma maandishi na kutoa maneno yanayotokea mara nyingi zaidi pamoja na idadi ya kila moja. Knuth aliandika programu ya kurasa kadhaa, yenye maelezo ya kusomeka kama insha. McIlroy akaombwa kuihakiki. Aliisifu, akaifananisha na yale mayai ya kito ya Fabergé, kisha akaonyesha kwamba kazi hiyo hiyo hufanywa na zana sita zilizounganishwa kwa bomba. Ya kwanza hugeuza kila alama isiyo herufi kuwa mwisho wa mstari, hivyo kila neno likakaa peke yake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Ya tatu hupanga kwa abjadi. Ya nne hukusanya yanayofanana na kuyahesabu. Ya tano hupanga tena, sasa kwa idadi, kubwa ikitangulia. Ya sita hukata orodha pale unapotaka ikome. Wapo waliosema, na kwa haki, kwamba McIlroy alimwonea mwenzake, kwani Knuth aliombwa aonyeshe namna ya kuandika programu, si namna fupi ya kuhesabu. Kwangu mimi cha maana ni kwamba kazi ya kwanza ya mtunga kamusi, ile iliyokuwa ikifanywa kwa kadi na visanduku, ilikuwa imelala pale katika mstari mmoja.

Tuliujaribu mstari huo juu ya makala za jarida hili. Juu kabisa wakaja "na", "ya", "wa" na "kwa", kama tulivyotarajia. Chini yake akatokea mgeni: "ng". Zana ya kwanza ilikuwa imefundishwa kwamba herufi ni a hadi z basi, na king'ong'o chetu hakimo; kwa hiyo "ng'ombe" alichinjwa katikati, akawa "ng" na "ombe". "Ng'ambo" ikatoa "ambo". Mbaya zaidi ni "kung'oa", lililotoa "kung" na "oa", na kila aliyeng'oa magugu katika makala ya kilimo akahesabiwa kuwa ameoa. Orodha ilitoka safi, yenye tarakimu, na kama tusingeijua lugha tungeiamini.

Marekebisho yake si magumu: huongezwa alama ya ritifaa katika orodha ya herufi za zana ya kwanza. Lakini hapo tuligundua kwamba baadhi ya waandishi wetu hupiga ritifaa iliyonyooka na wengine huandika katika programu inayoipinda, na kwa mashine hizo ni alama mbili zisizo na undugu, hivyo "ng'ombe" wakawa makundi mawili. Bado kuna suala la viambishi. Kwa zana hizi "anasoma", "walisoma" na "hatutasoma" ni maneno matatu yasiyojuana, na hesabu ya kitenzi cha Kiswahili itatoka pungufu daima hadi tupate zana ya kukinyumbua kabla ya kuhesabu.

Mapendekezo ya "zana", "bomba", "mkondo", "chujio" kwa maana yake finyu, na "ruwaza" yatawasilishwa katika kikao kijacho cha kamati ya istilahi, pamoja na kanuni kwamba jina la amri liandikwe kama lilivyo, kwa herufi za aina tofauti, na maana yake ielezwe kando kwa Kiswahili. Wasomaji wenye maoni tofauti, hususan juu ya "chujio" ambalo najua lina watetezi wengi, wanaombwa kuyaleta kwa maandishi kabla ya kikao hicho. Na wanaoleta makala kwa mhariri wanaombwa watumie ritifaa iliyonyooka.